Nimemzika dada yangu: je, kicheko ni usaliti?

SWALI

Mimi ni fundi seremala wa Tanga, nina miaka 38. Miezi minane iliyopita nilimzika dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi, na kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikimpeleka kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Daktari alitueleza kwamba ndugu anaweza kujitolea figo. Nilichelewa miezi miwili kwenda kupimwa, naye akafariki kabla sijaenda. Tangu hapo usingizi umenipaa, kazi zimelala karakanani, barazani siendi tena, na watu wananiambia nijikaze kwa kuwa mimi ni mwanamume na wafiwa hasa ni mumewe na watoto wake wawili. Mwezi uliopita rafiki yangu alinivuta tukatazame mechi ya Simba na Yanga. Nilicheka sana, kisha nikarudi nyumbani nikijiona msaliti. Nimesoma kwamba huzuni ina hatua tano, lakini sijui mimi niko katika hatua ipi. Je, huu ni ugonjwa? Na je, ninaruhusiwa kufurahi?

JIBU

Kaka yangu, pole. Ninakupa pole wewe mwenyewe, si wewe kwa niaba ya shemeji yako wala ya wapwa zako, kwa sababu barua yako inanifanya nidhani kwamba tangu siku ya mazishi hakuna aliyekupa ya kwako peke yako.

Tazama namna msiba unavyogawa nafasi. Mume, wazazi na watoto wa marehemu huketi, watu wakawajia na mkono wa tanzia. Ndugu wa marehemu, hasa akiwa mwanamume, huwa amesimama: ndiye anayefuatilia sanda, anayezungumza na wachimba kaburi, anayetafuta turubai na masufuria ya kukodi, anayeandika ubani katika daftari na kuhakikisha kwamba wageni kutoka mbali wamepata pa kulala. Matanga yakishaanuliwa, wengine huondoka na huzuni zao, naye hubaki kurudisha viti. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alieleza aina hii ya huzuni ambayo jamii haiitambui wala haiipi nafasi, nami huona kwamba kifo cha ndugu ni mfano wake ulio wazi, kwa sababu kila mtu anakubali kwamba umefiwa lakini karibu kila mtu anakuhesabu miongoni mwa wanaohani.

Lugha yetu yenyewe iliwahi kuwa makini zaidi kuliko tulivyo sasa. Kiswahili cha zamani cha pwani kilikuwa na neno mahususi, umbu, kwa ndugu wa kike wa mwanamume au ndugu wa kiume wa mwanamke, na neno mnuna kwa mdogo wa mtu, maana wazee waliona kwamba uhusiano huo si mojawapo tu ya udugu mwingi bali una uzito wake. Kwako wewe uzito huo ni maradufu, kwa sababu aliyefariki alikuwa dada na kwa sehemu kubwa alikuwa mama. Aidha alikuwa shahidi wa utoto wako. Yapo mambo ya nyumba ile mliyokulia, majina ya utani, adhabu, harufu ya jikoni, ambayo mliyajua ninyi wawili peke yenu, na sasa unayajua peke yako. Upweke huo mumewe hana, na watoto hawana. Ni wa ndugu.

Sasa naja kwenye sentensi uliyoipitia haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Umesema ulichelewa miezi miwili kwenda kupimwa. Hukuandika sababu, nami sitakubunia, ila wengi ambao nimewasikiliza katika hali kama hiyo waliogopa: waliogopa kisu, waliogopia kazi ya mikono inayowalisha, waliogopia watoto wao. Nikikwambia tu kwamba hukukosea chochote hutaniamini, kwa hiyo acha nikupe mambo yalivyo. Upandikizaji wa figo umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu mwaka 2017, lakini kati ya siku ambayo ndugu anasema yuko tayari na siku ya upasuaji kuna safari ndefu. Hupimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, shinikizo la damu, sukari, uzima wa figo zake zote mbili na maambukizi, na wako wengi wanaokwenda kwa moyo mmoja wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya kimojawapo. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa kwa tishu na nduguye, japokuwa kupandikiza huwezekana hata pasipo ulinganifu kamili. Madaktari pia hawana budi kuhakikisha kwamba mtoaji anatoa kwa hiari na kwamba anaweza kughairi bila kulaumiwa; yaani woga wako ulikuwa umetengewa nafasi katika utaratibu wenyewe, kwa kuwa kila mtu mwenye akili timamu huogopa. Na wagonjwa wanaosafishwa damu hufariki zaidi kwa matatizo ya moyo na mishipa, mara nyingi ghafla, jambo ambalo ratiba ya ndugu yeyote haiwezi kulitangulia kwa uhakika.

Je, miezi miwili ile ingebadilisha chochote? Hilo halijulikani, na hapo ndipo panapouma, kwa sababu akili iliyofiwa haivumilii kutojua. Huona heri kujitia hatiani, maana mwenye hatia angalau ana maelezo. Ukisikia moyo ukisema «laiti», jiulize kama unakumbuka yaliyotokea au unaandika hadithi ambayo mwisho wake unaujua leo, ilhali wakati ule hukuujua. Mwaka mmoja na nusu, mara tatu kwa wiki, hufanya safari zaidi ya 200, na kila safari ni saa nne hivi za mashine, mbali na njia. Hayo umeyaandika katika barua yako kana kwamba ni maelezo ya pembeni. Mimi nimeyasoma kama sehemu ya figo uliyoitoa.

Kuhusu hatua tano, usijitafute ndani yake. Aliyezieleza mwaka 1969, daktari Elisabeth Kübler-Ross, alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokabiliwa na kifo chao wenyewe. Baadaye watu wakazichukua na kuwavika wafiwa, na leo wengine wanajiona wamefeli kwa sababu hawajapitia hasira au wamerudi «nyuma». Maelezo yanayonisaidia zaidi ni ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka 1999, ambao walionyesha kwamba mfiwa mwenye afya huenda na kurudi: leo anazama katika alichopoteza, kesho anashughulika na maisha yanayomdai, na mwendo huo wenyewe ndio unaomponya. Wewe ni mtu wa Tanga, huhitaji mchoro. Maji hujaa na kupwa, na wakati wa bamvua hufika mahali ambapo ulidhani hayafiki; siku ya hitima ya mwaka, Idi ya kwanza bila yeye, au ukikuta kanga yake sandukuni, usishangae yakikufika shingoni. Anayeona bahari imepwa hasemi kwamba imekauka.

Ndiyo maana nataka kukaa kidogo kwenye kicheko chako. Ulicheka katika mechi ya wale tunaowaita watani wa jadi, na jina hilo halikuja bure. Katika makabila mengi ya Tanzania, utani ulikuwa na kazi rasmi msibani. Mtani, kwa mfano Mnyamwezi katika msiba wa Mzaramo, alikuja akashika shughuli, na papo hapo akaanza vituko: akaigiza mwendo wa marehemu, akataja madeni yake, akazuia jambo fulani mpaka alipwe, na mfiwa aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka. Hakuna aliyemwita mfiwa huyo msaliti. Wazee walijua kwamba huzuni isiyopumzishwa humvunja mtu, wakamteua mtu wa kuipumzisha, tena wakampa kinga ili asinuniwe. Kwa mawazo yangu, rafiki yako aliyekuvuta kwenye mechi alifanya kazi ya mtani, hata kama hakujua, na anastahili shukrani yako.

Dini nazo hazikukatazi unachokiogopa. Wengine watakukumbusha kwamba katika Uislamu muda wa kuomboleza ndugu ni siku tatu, na eda ya miezi minne na siku kumi ni ya mjane peke yake; lakini mpaka huo unahusu maombolezo ya nje, kama vile kujinyima mapambo, wala si amri kwa moyo. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akasema kwamba jicho linalia na moyo unahuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Na kwa jirani zako Wakristo, kile kisa cha Lazaro katika Injili ya Yohana ni msiba ambao wafiwa wakuu ni dada wawili waliofiwa na kaka yao, na watu wanakuja kuwahani wao. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ndugu hana msiba wa kwake, au kwamba mwanamume halii, mwombe akuonyeshe alikoyatoa.

Umeuliza kama huu ni ugonjwa. Huzuni si ugonjwa, lakini inaweza kukaribisha ugonjwa, na kwa barua peke yake siwezi kukupima. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, na linataka iwe imepita miezi sita tangu kifo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliorekebishwa mwaka huohuo, unataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Wewe una miezi minane, yaani uko katikati ya vitabu viwili ambavyo havijakubaliana, na hilo likufundishe kwamba kalenda haiamui peke yake. Vyote viwili hutazama kama kumtamani marehemu au kumfikiria kumeshika sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku. Kama maumivu yamezidi yale yanayotarajiwa katika desturi na dini ya mfiwa. Na kama yamemzuia kuishi, kufanya kazi na kuwa na watu. Sonona ni kitu kingine, ingawa vinaweza kukaa nyumba moja. Katika sonona, kwa wiki mbili au zaidi, furaha hukauka pande zote, usingizi na hamu ya chakula huharibika, na mtu hujiona hana thamani yoyote, si katika jambo hili la dada yake tu bali katika kila kitu. Mtu mwenye sonona nzito anaweza kukaa mbele ya mechi ileile na asisikie lolote. Kwamba wewe ulicheka ni habari njema kitabibu, japokuwa ilikuumiza. Lakini usingizi uliovurugika kwa miezi minane, karakana iliyosimama na baraza uliloliacha vinatosha kukupeleka kwa mtaalamu.

Najua neno ambalo litakurudisha nyuma. Hapa kwetu mtu akisema anakwenda kuonwa kuhusu afya ya akili, wenzake huanza utani wa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, kama Nairobi wanavyotaja Mathari yao, na unyanyapaa huo umewafungia wengi ndani. Kwa hali uliyoieleza, hakuna haja ya kwenda Dodoma. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, ueleze mambo kama ulivyonieleza mimi, nao wakiona inafaa watakuelekeza kwenye huduma ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, ambako kinachofanyika mara nyingi ni mazungumzo ya ushauri nasaha ya wiki kadhaa, na dawa pale tu inapohitajika. Siku hiyohiyo waombe wakupime shinikizo la damu, sukari, mkojo na kazi ya figo, kwa kuwa ndugu wa tumbo moja wa mtu aliyeugua figo huwa na hatari kubwa zaidi ya kuzipata shida hizo. Ndiyo, ni baadhi ya vipimo vilevile ulivyochelewa kuvifanya kwa ajili yake. Nadhani unaona kwa nini nataka uende.

Na kama miongoni mwa yale ambayo hukuniandikia kuna wazo la kujiua, si ile hamu ya kawaida ya wafiwa ya kusema «natamani kumfuata» bali wazo linaloanza kutafuta njia na siku, basi usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu leo, umwombe asikuache peke yako, sumu na dawa ziondolewe nyumbani, na mwende pamoja hospitali yoyote iliyo wazi hata ikiwa usiku. Vilevile usinunue dawa za usingizi dukani bila cheti cha daktari, wala usijaribu kuuzima usiku kwa pombe, maana vyote viwili huazima usingizi wa leo na kuudai kesho kwa riba.

Furaha ya kila siku, uliyoitaja mwishoni kwa aibu, ina kanuni moja ambayo watu hawaipendi kwa sababu inakwenda kinyume na wanavyotarajia. Tunadhani kwamba moyo ukichangamka ndipo mtu atatoka. Uzoefu wa tiba, tangu kazi za mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, katika miaka ya 1970, unaonyesha kwamba mara nyingi mtu hutoka kwanza na moyo ukamfuata nyuma, tena kwa kusuasua. Kwa hiyo usisubiri hamu, weka saa. Nami ningeanzia mahali ambapo shimo liko. Ulipoteza dada, lakini vilevile ulipoteza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa mwaka mmoja na nusu asubuhi tatu za wiki zilikuwa na maana na mahali pa kwenda, kisha kwa siku moja zikawa tupu, na ninashuku kwamba ndizo siku ambazo karakana hukushinda zaidi. Zijaze kwa makusudi, kwa vitu vidogo. Jumatatu toa baiskeli, maana mtu wa Tanga bila baiskeli ni nani, uende mpaka Raskazone ukaone maji, urudi. Jumatano uwe na kazi moja tu karakanani, ya saa moja, si kabati zima: piga randa ubao mmoja, usugue msasa, uache. Ijumaa, baada ya swala, pita barazani.

Kahawa ya barazani kunywa mapema, kwa sababu ya usingizi, lakini baraza lenyewe usiliache. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na kile ambacho Kishona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu watu 573 katika zahanati 24 za Harare, uligundua kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baraza la mtaa wenu si kliniki, na wamo watu wa kukwambia ujikaze, lakini bila shaka yumo mmoja ambaye ukimkuta ameketi peke yake unaweza kumwambia sentensi ile ya miezi miwili. Imekaa ndani yako muda wa kutosha.

Mwaka 1969, ule ule ambao dunia ilipewa hatua tano, mwanazuoni wa Kenya John Mbiti aliandika kuhusu fikra za Kiafrika za wakati akitumia maneno ya Kiswahili, sasa na zamani. Alieleza kwamba marehemu haingii zamani mara moja. Hubaki katika sasa maadamu wapo waliomfahamu na wanaomtaja kwa jina. Wapwa zako hawakumjua mama yao alipokuwa msichana. Wewe tu ndiye uliyemjua, na mjomba kwa desturi zetu si mgeni wa kutumwa zawadi za Idi. Huhitaji kuwakalisha na kuwahutubia. Waite karakanani Jumatano ile ya ubao mmoja, mmoja ashike msasa, na wakati mikono yao ina shughuli wasimulie jambo moja ambalo dada yako alilifanya mlipokuwa wadogo, ikiwezekana lile lililowahi kuwachekesha ninyi wawili mpaka mkakatazwa na mama. Ukilia katikati, malizia hadithi hivyohivyo. Na wao wakicheka, uwaache wacheke.